Rolakosta ya Chuma Ina Stara

Kuna watu wanaopenda mpira na kuna watu wanaopenda dhahabu. Mimi nilipofika Amerika nilipenda rolakosta, ile treni ya mchezo inayovutwa polepole hadi juu ya mlima wa kutengenezwa, kisha ikaachiwa ishuke yenyewe huku waliomo wakipiga mayowe. Nilipenda vibaya sana. Nilikuwa msichana wa Mombasa wa miaka ishirini na kitu. Mchana nilitandika vitanda katika hoteli moja ya Arlington, karibu na makao makuu ya jeshi, na jioni nilisomea uuguzi. Nilipokosa usingizi sikuhesabu kondoo wala mbuzi, nilijipandisha rolakosta kichwani, kilima baada ya kilima.

Bustani yenyewe ya michezo ilikuwa upande wa Maryland. Rafiki yangu, mama mmoja wa Kisumu aliyeishi Beltsville na kutunza wazee majumbani mwao, alikuwa na gari kuukuu lenye mlango usiofunguka, na kila kiangazi tulipopata siku moja ya mapumziko alinipitia bila hata kuniuliza twaenda wapi. Pale bustanini palikuwa na rolakosta mbili. Moja ilikuwa ya mbao, ya zamani, imepakwa rangi nyeupe. Nyingine ilikuwa ya chuma, mpya, nyekundu, inang'aa hata siku ya mawingu. Sisi wawili tulizibishania njia nzima ya kurudi. Rafiki yangu alikuwa mtu wa chuma. Mimi ni mtu wa mbao hadi leo, na asiyekubaliana nami simlaumu, namsikitikia tu.

Wengi hudhani tofauti ni sura. Si sura. Ile ya chuma reli zake ni mabomba yaliyokunjwa kiwandani yakaungwa kwa bolti, kwa hiyo fundi anaweza kuzipeleka atakako: akazipinda, akazisokota, akazifanya kitanzi kinachokugeuza kichwa chini miguu juu na kukurudisha kabla hujajua umegeuzwa. Magurudumu yake yamevikwa kitu kama plastiki ngumu, yanateleza. Ukisimama chini unasikia mvumo tu, kisha mayowe ya watu, kisha kimya. Na kwa kuwa inageuza watu, kila abiria ana kiti chake peke yake, na kutoka juu hushuka mikono miwili minene ya chuma ikamkaba mabegani na kifuani mpaka anabaki na ruhusa ya kupepesa macho.

Ile ya mbao ni msitu wa nguzo na mihimili. Juu ya nguzo zimelazwa mbao, tabaka juu ya tabaka, na juu kabisa ya mbao kuna ukanda mwembamba wa chuma ambao gurudumu la chuma hupita. Kelele yake huwezi kumsimulia mtu. Haikugeuzi kichwa chini, haina uwezo huo. Inachoweza ni kukunyanyua. Unapofika kileleni treni inaanza kushuka na wewe bado unapanda, unaachana na kiti, tumbo linakutangulia, na kwa muda huo mdogo huna uzito wala deni la mtu. Kisha kona. Kona za mbao hazina adabu. Kiti ni benchi moja la watu wawili, na kinachowazuia ni pao moja la chuma juu ya mapaja yao wote wawili, basi treni ikikata kushoto wa kushoto anamwangukia wa kulia, ikikata kulia anarudishiwa yeye. Ukizitazama nguzo wakati treni inapita utaona zinatikisika. Mfanyakazi mmoja wa pale aliniambia zimejengwa zitikisike, na kwamba kila asubuhi watu hupita juu ya reli kwa miguu wakiigonga kwa nyundo na kuisikiliza.

Tena haipandiki mara mbili ikawa ile ile. Asubuhi, grisi ikiwa bado nzito, inakwenda kwa uvivu. Mchana jua likiwaka inakuwa na wazimu. Ukikaa mbele unaona unakokwenda, ukikaa nyuma unanyakuliwa juu ya kilele kama aliyevutwa kanzu na mtu mwenye haraka. Nilikuwa nazungumza habari hizi nyumbani mpaka shangazi yangu akaniuliza kama nitaposwa na mtu au na treni.

Nilikaa kwa shangazi huyo, dada yake baba, katika nyumba za ghorofa za magharibi mwa Alexandria, mji wa jirani na Arlington. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kidogo, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, akimwangalia bibi mmoja wa Kizungu mchana na kuniangalia mimi saa zilizobaki. Na swali lake lilikuwa na sababu, kwa maana katika mwaka ninaousimulia, Idi ilipokuwa ikiangukia mwanzo wa kiangazi, niliposwa kweli. Mposaji alikuwa kijana wa Unguja, mpole, mrefu, aliyefanya kazi ya kuegesha magari katika gereji ya chini ya ardhi huko mjini Washington. Ami yake alikuja kwetu na visheti na maneno mazuri, shangazi akamjibu kwa maneno mazuri zaidi, na jambo likapelekwa Mombasa kwa baba.

Baba akasema kwamba yeye yuko mbali, hamwoni mtu, na uamuzi anamwachia dada yake. Jumapili baada ya Idi atapiga simu, dada yake amwambie ndiyo au hapana. Ikiwa hapana, basi nirudi nyumbani, kwa sababu mtoto wa ami yangu mwenye duka la vitambaa alikuwa akinisubiri na alikuwa hana kasoro. Kwa kweli hakuwa na kasoro ila moja. Alishasema mbele ya watu kwamba mke wake hatasoma wala hatafanya kazi nje, na aliyasema kwa furaha, kama anayenipa zawadi.

Yule wa Unguja nilikuwa nimemwona mara chache, kila mara shangazi akiwa katikati yetu na sinia la kahawa. Nilimpenda sura na nilimpenda jinsi alivyocheka akiangalia chini. Lakini nilikuwa na swali moja, na bila jibu lake sikujua hata nimwombe Mungu Jumapili ije na nini. Nikiolewa naye, nitamaliza masomo yangu? Swali jepesi kulitamka, ila mbele ya shangazi na ami na sinia la kahawa, mwanamume anayeposa atajibu nini? Atajibu unavyotaka kusikia. Nilitaka kumuuliza pahali ambapo hakuna wa kumsikia ila mimi, na katika desturi zetu pahali hapo hapakuwapo mpaka baada ya harusi, wakati jibu halina faida tena.

Basi zilipokuja habari kwamba watu wetu wa pwani wamekodi basi la shule la rangi ya manjano ili Idi ya pili waende bustani ya michezo, na kwamba ami na kijana wake wamo, damu ilinichemka. Nikajua pahali pangu. Kwenye mlima wa kwanza wa rolakosta ya mbao, mnyororo ukikuvuta, kelele ni kubwa hata aliye kiti cha nyuma yako haambulii neno. Usiku ule sikuwaza nguo wala hina.

Idi ya pili tukaondoka, wanawake mbele, wanaume nyuma, sufuria za pilau katikati. Bustanini tukaambiwa chakula cha nyumbani hakiingii. Hilo halikumtisha mtu. Pilau likaliwa pale pale maegeshoni, milango ya basi wazi, harufu ikatembea mpaka kwenye magari ya watu, na mlinzi aliyekuja kutuuliza kama tuna kibali akaondoka na sahani. Kijana wa Unguja alimwamkia shangazi kwa shikamoo ya kuinama, shangazi akaitikia marahaba mwanangu. Mimi nilikuwa sili. Nilikuwa naitazama ile nyeupe juu ya miti, na kila treni iliposhuka nilisikia ngurumo yake kwenye nyayo.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimeisifu mno. Shangazi aliingia getini akataka kwanza kuiona hiyo treni iliyonipa wazimu. Rafiki yangu wa Kisumu, ambaye alikuja na gari lake kuungana nasi, akatupeleka hadi kwenye ukuta wa fensi pale abiria wanaposhukia. Shangazi akasimama, leso yake, yaani kanga, begani, akatazama. Treni ikaja, na ndani yake watu wawili wawili, wamebanana, wamelaliana, wasichana na wavulana wamerundikana upande mmoja wa benchi chini ya pao moja, wanacheka. Akatazama treni ya pili. Ikaja vilevile. Akanigeukia, akasema kwamba hata kama dini isingekuwapo, hiyo haipandwi na mwari na mposaji wake.

Kisha akataka kuiona ile nyingine. Tukaenda kwenye nyekundu. Akatazama watu wakikalishwa kila mmoja kitini mwake, mikono ya chuma ikishuka, mfanyakazi akipita kuivuta mmoja mmoja kuhakikisha imefunga. Shangazi aliangalia jambo hilo kwa makini ya mtu anayenunua samaki. Akauliza kama yawezekana mtu kumgusa jirani yake akiwa mle. Rafiki yangu akacheka, akamwambia hata kujikuna huwezi.

"Basi hii ni sawa," shangazi akasema. "Ya chuma ina stara. Pandani hii, na mimi nitakaa nyuma yenu."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Mwanamke huyu alikuwa ametoa fatwa juu ya rolakosta. Nikamtazama mposaji wangu, nikaona uso wake umebadilika rangi. Alikuwa akiangalia kile kitanzi, pale ambapo watu walikuwa wakining'inia vichwa chini, na midomo yake ilikuwa ikisoma kitu. Nikamuuliza kama yuko tayari. Akasema yuko tayari, kwa sauti ya mtu anayeitwa na daktari wa meno.

Tukapanda. Mimi na yeye mstari mmoja, kila mmoja na gereza lake, shangazi na rafiki yangu nyuma yetu. Treni ikaanza kupanda mlima, na hapo ndipo nilipoikumbuka aibu ya chuma: ni kimya. Mnyororo ulikuwa unanong'ona tu. Nilimsikia shangazi akimeza mate. Lakini nilikuwa nimeshafika, mlima unakwenda ukiisha, nikasema nina jambo nataka kumuuliza.

"Muulize tu, na sisi twasikia," akasema shangazi kutoka nyuma.

Nikauliza. Nikasema mimi nasoma, na je, nikiolewa nitaendelea? Akajibu bila kugeuza shingo, maana shingo haikuwa yake tena. Akasema elimu ni jambo zuri, inshallah kila kitu kitapangika, yeye hana neno ila litakalowapendeza wazee. Jibu safi, limepigwa pasi. Ungeweza kulisoma kwenye harusi yoyote. Sikupata hata nafasi ya kukasirika, kwa sababu dunia ilituponyoka.

Na hapa lazima niwe mkweli kwa chuma: ile ilikuwa raha. Tulishuka kama maji kwenye bomba, tukaingia kitanzini, nikaona mbingu chini ya viatu vyangu na vichwa vya watu juu ya nywele zangu, damu yote ikanijia usoni, na kabla sijamaliza kushangaa tumeshatoka, tumelala ubavu, tumejisokota, tumesimama. Nilicheka peke yangu. Pembeni yangu hapakutoka sauti kabisa. Tulipofunguliwa alisimama, akashukuru kila mtu, akatembea moja kwa moja hadi kwenye benchi akaketi na kichwa mikononi. Ami yake akamkimbilia na maji. Shangazi alishuka akanyoosha buibui lake, akasema hiyo ni lifti ile ile ya nyumbani kwetu, ila hii imerukwa na akili.

Nilikuwa nimekasirika sasa. Sikumkasirikia kwa kuogopa. Nilikasirikia lile jibu. Nilikuwa nimekuja kumjua mtu, nikapewa kadi ya mwaliko. Nikajitenga karibu na kibanda cha juisi, na shangazi akanifuata, naye nilimwona hana raha. Akaniuliza lile jibu nimelionaje. Nikamwambia nimeliona kama alivyoliona yeye. Rafiki yangu, ambaye hajui kunyamaza, akajiingiza.

"Auntie, kwa ile ya chuma mtu ana-pose tu, amefungwa kila pahali," akasema. "Mweke kwa ya mbao. Huko hakuna mtu hu-act."

Shangazi akaitazama ile nyeupe juu ya miti. Akaniuliza kama ni kweli nisemavyo siku zote, kwamba mle ndani hasikiki mtu ila aliye ubavuni pako. Nikasema ni kweli, nikidhani nimeshashinda. Akavuta leso yake begani, akaikunja kwa urefu, akaizungusha mpaka ikawa nene kama mto wa mtoto.

"Basi nitapanda naye mimi," akasema. "Mimi ni mama yake, na hii itakaa kati."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimesimama kwenye foleni ya rolakosta niipendayo kuliko zote, nyuma ya shangazi yangu na mposaji wangu, nikiwa na rafiki yangu anayecheka mpaka machozi. Kijana yule alikuwa ndiyo kwanza rangi imemrudia. Alipoambiwa anakwenda kupandishwa tena aliinuka pale benchini akaja, na zamu yao ilipofika akamkung'utia shangazi kiti cha behewa kwa mkono, akaketi. Leso ikawekwa katikati. Jina lake, ule msemo ulioandikwa juu yake, sitalitaja, kwa kuwa lilinunuliwa kumkomesha jirani yetu mmoja wa ghorofa ya pili. Pao likashuka juu ya mapaja yao na juu ya leso.

Sisi tulikaa nyuma yao. Mnyororo ukashika chini ya treni na ile kelele ikaanza, ka-ka-ka-ka, mbao zinalia, behewa zima linatetema. Nikaona kichwa cha shangazi kikimgeukia. Nikaona midomo yake ikienda. Nikainama mbele mpaka pao likaniumiza tumbo, na sikusikia kitu hata kimoja. Nikaona kijana anamjibu, kwanza kidogo, kisha shangazi akaweka mkono sikioni kumwashiria aseme kwa nguvu, na yeye akasema kwa nguvu, mishipa ya shingo imemtoka. Kilele kikafika. Shangazi akatazama mbele, akaona hakuna kitu mbele, na nilimsikia huyo kwa uzuri kabisa, maana alisoma shahada mpaka chini.

Kilima cha pili kilimnyanyua. Niliona kwa macho yangu shangazi yangu akiachana na kiti, buibui limejaa upepo, mikono miwili imelishika pao. Nikasubiri alie. Kilichotoka kilikuwa kicheko, kicheko kikubwa cha kisichana ambacho sikukijua kama anacho, na kila kona iliyowatupa huku na huku leso ilibanwa na kicheko kiliongezeka. Tulipofika alikuwa na chozi linalotiririka hadi kidevuni na ushungi wake umeelekea begani.

Nikamkabili kabla hajashuka vizuri. Nikamuuliza amemuuliza nini na amejibiwa nini. Akatengeneza ushungi taratibu, pini baada ya pini, mimi napasuka.

"Alonambia kanambia mimi," akasema. "Lako nenda kamuulize mwenyewe."

Na akanitia leso mkononi.

Sikungoja kijana aelezwe na watu. Nilimshika rafiki yangu mkono tukakimbilia foleni, kijana wa watu akitufuata, shangazi naye akitufuata, kwa sababu aliamua kupanda tena, akadai ni doria. Jua lilikuwa limewaka sasa, grisi imelainika, na treni zilikuwa zinaingia kituoni kwa kasi ya kunifurahisha. Nilichagua behewa la nyuma karibu na mwisho, pale unaponyakuliwa. Niliiweka leso kati yetu mwenyewe, nikaibana vizuri. Shangazi na rafiki yangu wakaketi nyuma yetu, mwisho kabisa.

Ka-ka-ka-ka. Miti ikashuka, maegesho yakaonekana, basi letu la manjano likawa dogo. Moyo wangu ulikuwa unakwenda kwa haraka kuliko mnyororo. Nikamgeukia, nikamwambia kwa sauti yote niliyopewa kwamba sitaki jibu la wazee. Nataka kujua kama nitamaliza masomo yangu.

Alikuwa ameshika pao mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Niliona jasho juu ya mdomo wake, na niliona kwamba safari hii hana nguvu ya kuwa na adabu.

"Mie naogopa," akasema kwa kupaza sauti. "Nimeishia darasa la nane. Ukishasoma utaniona mie si kitu."

Ka-ka-ka. Mabehewa ya mbele yalikuwa yameshavuka kilele, na sisi wa nyuma tulianza kuvutwa. Sikuwa nimejiandaa kwa jibu la kweli. Akageuza uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu ami yake alete visheti, si chini, si pembeni, machoni.

"We soma tu," akasema. "Mie n'taogopa hivyo hivyo."

Tukanyakuliwa. Sijui niseme nini juu ya mteremko ule. Nimepanda rolakosta nyingi kabla na baada, za mbao na za chuma, na bado mteremko ule ndio ninaojipandisha kichwani nikikosa usingizi. Niliachana na kiti, yeye aliachana na kiti, mbao zilinguruma chini yetu kama nyumba nzima inahamishwa, yeye akapiga ukelele mrefu wa woga bila haya yoyote, na mimi nikapiga wangu wa furaha, na kona zikatutupa, mara mimi kwake, mara yeye kwangu, na leso katikati ikafanya kazi yake kadiri leso inavyoweza. Nyuma yetu shangazi alikuwa akicheka. Nilikuwa na furaha hata nilihisi meno yakinipoa kwa upepo.

Tuliposhuka yeye alikwenda kwenye benchi lake la zamani, ami akamletea maji mengine. Mimi nilirudisha leso. Shangazi akaikunjua, akaitazama ilivyofinyana, akaikung'uta, akaiweka begani. Hakuniuliza kitu njia nzima, na mimi nilikaa dirishani ndani ya basi nikitabasamu na barabara, nikiogopa kumtazama nisije nikasema.

Jumapili simu ikalia. Shangazi alipokea akiwa amesimama, kama alivyopokea simu zote za Mombasa, na alizungumza kwa nguvu ili sauti ifike. Mimi nilikuwa jikoni, naosha kikombe kile kile. Walisalimiana, waliulizana wagonjwa, walitakiana Idi njema. Kisha baba aliuliza, nikajua kwa jinsi shangazi alivyohamishia simu sikio la pili.

Akasema kwamba amemuuliza kijana jambo moja tu, kama mtoto ataachwa asome. Akasema amemuuliza hilo kwa sababu yeye mwenyewe alitolewa darasani akaolewa, na siku ile hakuna aliyemuulizia, hata kaka yake aliye kwenye simu. Mle jikoni nilizima bomba. Swali lilikuwa langu. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayelibeba katika nyumba ile.

Upande wa pili baba alisema kitu kirefu. Shangazi alisikiliza, akitazama leso iliyoanikwa juu ya mlango.

"Ni mwoga, kaka," akasema. "Mwoga sana, tena hajui kuficha. Lakini hupanda."

Nadhani baba aliuliza anapanda nini.

"Hukuwako," akasema shangazi. "Wewe muoze tu."